Umri wa Gari Si Namba ya Oili

Mazungumzo na wanachama wa SACCOS wenye magari, Dodoma

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa meza kuu, ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni. Rika langu na wadogo zangu, habari za mchana.

Barua niliyoletewa inasema nizungumzie "matunzo ya gari". Hiyo ni mada ya wiki nzima, na harufu ya pilau inayotoka huko nyuma inanionya kwamba sina wiki. Kwa hiyo nimechagua kitu kimoja tu, oili ya injini, tena kwa aina moja ya gari. Nilipokuwa naingia nimeangalia maegesho yenu: RAV4, X-Trail, Escudo, CR-V, Forester kadhaa. Karibu zote ni za kati ya mwaka 2000 na 2008. Ndizo mlizokopea, basi ndizo tuzizungumze.

Nitasema neno langu mapema ili hata anayesinzia asilikose. Gari kufikisha miaka 20 si sababu ya kulimiminia oili nzito. Kinachoamua ni namba aliyoitaja mtengenezaji, pamoja na hali ya injini yako ilivyo leo. Hali hiyo inapimwa, haisomwi kwenye kadi ya gari.

Najua mtaani mnaambiwa vingine. Unafika dukani, muuzaji anakuuliza, "Gari la mwaka gani?" Unasema 2003. Mkono wake tayari uko kwenye dumu la 20W-50, au anakupa ile "namba 40" tupu. Hajauliza ni injini gani. Hajauliza kama inakula oili. Ni sawa na kumkabidhi mtu mkongojo siku anapotimiza miaka 60, hata kama jana yake alicheza mpira dakika zote tisini. (Kicheko.) Mnacheka, lakini nusu yenu hapa mmeshakabidhiwa huo mkongojo na mkaulipia.

Sasa tuzisome hizo namba, maana wengi tunazitamka bila kujua zinapima nini. Chukua 5W-30. Namba iliyo mbele ya W inahusu baridi. Oili ya 5W hujaribiwa maabara kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, kuona kama injini itaweza kuzungushwa wakati wa kuwasha. Ya 10W hujaribiwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, ya 15W kwenye 20, ya 20W kwenye 15. Mtu wa Dodoma akisikia hivyo atasema hiyo habari ni ya wazungu. Hata kule Makete, ambako asubuhi ya Julai unaweza kukuta nyasi zimeganda, hatujawahi kufika huko.

Hata hivyo namba hiyo inatuhusu. Oili imeundwa ifanye kazi ikiwa na joto la nyuzi 100 hivi. Asubuhi ya Dodoma yenye nyuzi 16, kwako unavaa fulana tu, lakini kwa oili hiyo ni baridi kali. Watengenezaji wenyewe huchapisha mnato wa oili zao, yaani ugumu wake wa kutiririka, kwenye nyuzi 40. Kwa kawaida utakuta 5W-30 iko kwenye sentistoki (kipimo cha mnato) 60 hadi 70, wakati 20W-50 imepita 150. Na hapo ni nyuzi 40, bado hatujashuka kwenye asubuhi. Maana yake, unapowasha gari, oili moja inapanda haraka kwenye kamshafti, shafti ya juu inayofungua valvu, nyingine inajikokota. Na injini haiumii sana ukiwa kasi ya 100 pale Gairo. Sehemu kubwa ya kulika kwake hutokea pale mwanzoni, kabla oili haijasambaa na kupata joto lake.

Namba ya pili, ile 30 au 40 au 50, inapimwa kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 lazima iwe na mnato kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5. Ya 40 inaanzia 12.5 hadi chini ya 16.3. Ya 50 inaanzia 16.3 hadi chini ya 21.9. Msizikariri. Shikeni jambo moja tu hapo: kutoka 30 kwenda 50 ni kuruka ngazi mbili, na injini ambayo ilitengenezwa kwa 30 inapewa kitu ambacho uzito wake unakaribia mara mbili, hata ikiwa imeshapata moto.

Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Najua anachofikiri: "Lakini nikiweka nzito presha ya oili inapanda." Ni kweli, mzee wangu, inapanda. Ila presha kubwa haimaanishi oili inafika. Pampu ya oili ina valvu ya kupunguza presha. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, presha inapanda, valvu inafunguka, na sehemu ya oili inarudishwa kabla haijaenda ilikokuwa inakwenda. Geji inafurahi, beringi zinasubiri.

Halafu hizi injini zetu si zile za Land Rover 109 ambazo wazee wetu walizimudu kwa namba 40 na nyundo. RAV4 ya 2003 ina VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka. X-Trail nayo ina wa kwake. Mifumo hiyo inaendeshwa na oili yenyewe, ikipita kwenye vitundu vyembamba na kichujio chenye wavu mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Cheni ya taiming nayo inakazwa na tenshona inayosukumwa na presha ya oili. Ukisikia asubuhi injini inagonga ta-ta-ta-ta kwa sekunde chache kisha inatulia, mara nyingi ni cheni inayoisubiri oili. Fundi atakwambia "ongeza uzito". Mimi nakwambia angalia kwanza uzito uliopo, halafu angalia filta. Filta nzuri ina kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi yote kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, gari likilala. Filta ya bei ya kutupa, kiwambo chake kinakakamaa, au hakipo kabisa.

Na ile namba 40 tupu, isiyo na W? Ina kazi zake. Jenereta za zamani, baadhi ya mashine za kusaga. Kwenye injini yenye VVT-i siiweki, na siamini kama kuna kitabu cha gari kati ya hayo niliyoyaona nje kinachoiruhusu.

Sasa tuje kwenye kitabu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapopoteza utajiri. Gari lako limetoka Japani. Kwenye droo ya dashibodi lilikuja na kitabu, na kitabu kimeandikwa Kijapani, basi ulikitupa, au watoto wamekichora. Aliyebaki nacho akitafute leo. Huhitaji kusoma Kijapani. Fungua kurasa za mwishomwisho, kwenye majedwali ya vipimo. Utaona 5W-30, 10W-30, SL, SM, na ujazo kama 3.9 au 4.2 na herufi L, vyote vimeandikwa kwa herufi zetu hizi hizi. Hakuna aliyeona haja ya kuzitafsiri. Hapo una jibu ambalo muuzaji wa dukani hana.

Hata kama kitabu hakipo, angalia kifuniko cha kumiminia oili. Wengine huandika namba pale pale. Halafu fungua mlango wa dereva na utazame nguzo ya mlango, au kona ya kioo cha mbele. Gereji za Japani hubandika stika ndogo kila wanapobadilisha oili: tarehe, kilometa, na mara nyingine aina ya oili waliyotia. Hii stika ni hazina. Tarehe yake inaweza kuwa kwa hesabu ya Wajapani wenyewe, ya enzi za wafalme wao. Ukiona 平成, hiyo ni Heisei: chukua namba ya mwaka inayoifuata ujumlishe 1988. Heisei 20 ni 2008. Ukiona 令和, hiyo ni Reiwa, jumlisha 2018. Sasa soma kilometa za kwenye stika, kisha soma za kwenye dashibodi. Kama stika ya mwaka 2014 inasema 142,000 na dashibodi leo inasema 98,000... (Kelele ukumbini.) Haya, nimewaharibia watu mchana wao. Lakini ni bora ujue, maana oili unayochagua ni ya injini ya kilometa za kweli, si za kwenye dashibodi.

Niseme na upande wa pili ili nisiwe mkali bure. Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za nje ya Japani, vile vya Kiingereza, mara nyingi vina mchoro wa joto: mstari mrefu wa 5W-30, mwingine wa 10W-30, na kwa nchi za joto unakuta pia 15W-40 na hata 20W-50. Kwa hiyo mwenye Escudo anayetumia 15W-40 hajatenda dhambi. Kitabu kinaweza kuwa kimemruhusu. Ninachosema ni kwamba ndani ya kile kitabu kinachoruhusu, anza na nyepesi. Uende kwenye nzito ukiwa na sababu yenye vipimo, siyo kwa sababu jirani yako amefanya hivyo.

Vipimo vyenyewe ni rahisi kuliko mnavyodhani, na havihitaji fundi. Kijiti cha oili kinatosha. Gari liwe tambarare, na hapo ninamaanisha tambarare, si kwenye mteremko wa geti. Injini iwe imezimwa dakika tano au zaidi. Chomoa kijiti, futa kwa kitambaa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena, soma. Kile cha kwanza kabla ya kufuta hakisomwi, kimepakwapakwa njiani. Jaza mpaka alama ya juu, usipite. Bonyeza ile kilometa ndogo ya safari irudi sifuri. Endesha kilometa 1,000, pima tena, na upime oili unayoongeza ili kurudi kwenye alama ya juu. Kwenye injini nyingi za aina hii, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja au pungufu kidogo. Andika kwenye daftari. Rudia.

Sasa una kitu cha kujadili na fundi. Kama kwa kilometa 5,000 umeongeza nusu lita au chini ya hapo, hongera, injini yako ina miaka 20 lakini haijazeeka. Baki na namba ya kitabu. Kama ni 5W-30, iwe 5W-30. Kama unaongeza lita moja kila kilometa 2,500 au 3,000, hapo ninakubali tupande ngazi moja: kutoka 30 kwenda 40, yaani 5W-40 au 10W-40, ikiwezekana zile zilizoandikwa kuwa ni za injini zenye kilometa nyingi, kwa sababu huwa na viambato vinavyolainisha sili zilizokauka. Ngazi moja. Halafu pima tena kwa kilometa 1,000 uone kama imesaidia. Haijasaidia? Rudi kwenye namba yako, tatizo haliko kwenye uzito.

Na ikiwa unaongeza lita moja kabla ya kilometa 2,000, usinunue oili nyingine ya aina yoyote kabla hujatafuta chanzo. Anza na kile cha bei rahisi: valvu ya PCV, ile inayopumulia injini. Ikikwama, oili inavutwa kwenye manifoldi na kuchomwa na petroli. Ni kifaa kidogo, dakika kumi za kazi, na nimeona watu wakitajiwa ovahoo kabla hakijaguswa. Baada ya hapo angalia moshi. Ukiwasha asubuhi unatoka moshi wa bluu kidogo kisha unakata, shuku sili za valvu. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima na nyuma yako barabara inakuwa bluu, hizo ni ringi za pistoni.

Hapa lazima nitaje magari kwa majina, kwa sababu kila moja lina tabia yake.

Wenye RAV4 za 2.4, injini ya 2AZ-FE. Injini hii ilisumbua hata kwao. Kule Marekani, Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari ya mwishoni mwa miaka ya 2000 yenye injini hiyo, RAV4 ikiwamo, kwa sababu ya kula oili. Kipimo walichotumia ni kwati moja kwa maili 1,200; kwa hesabu zetu ni karibu lita moja kwa kilometa 1,900. Ugonjwa wenyewe uko kwenye pistoni na ringi: oili iliyokwanguliwa na ringi hairudi vizuri kwenye sampu, inabaki, inaungua, inakuwa kaboni, na kaboni inaikamata ringi isicheze. Ile 1ZZ-FE ya 1.8 ya miaka ya mwanzo ina hadithi inayofanana. Sasa mimina 20W-50 hapo. Itapunguza ulaji kwa muda, sikatai, lakini ringi iliyokwama haifunguliwi na uzito. Injini hizi zinataka oili yenye sabuni nzuri ndani yake, inayobadilishwa mapema, kabla haijaanza kupika kaboni.

Wenye RAV4 za 2.0 zilizoandikwa D-4: petroli yenu inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ukiwa na safari fupi fupi, nyumbani, ofisini, shule, Majengo sokoni, sehemu ya petroli huteremka ukutani na kuchanganyika na oili. Ukichomoa kijiti ukaona oili imepanda badala ya kushuka, na inanuka petroli, usifurahi kwamba gari linajitengenezea oili. Imeshakuwa nyepesi kuliko namba iliyo kwenye dumu. Badilisha, hata kama kilometa hazijafika.

X-Trail za T30, injini QR20 na QR25. Hizi zina kataliti, kile kifaa cha kusafisha moshi, iliyokaribiana sana na injini, pale kwenye manifoldi ya eksozi. Kataliti ikizeeka na kumomonyoka, vumbi lake gumu linaweza kuvutwa ndani ya silinda na kukwaruza kuta. Hakuna oili iwezayo kuziba mkwaruzo huo. Kwa hiyo X-Trail iliyoanza kula oili ghafla, fungua uangalie kataliti kwanza. Na nyinyi mliong'oa kataliti mkauza, sijasema neno. (Kicheko.)

Forester za turbo: shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoibeba ni utando wa oili tu. Hapo ni oili ya sintetiki kamili, na sitaki mjadala.

Sasa herufi. Nyuma ya dumu kuna alama ya duara ya API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili, na ndani yake herufi mbili. SL ni ya mwaka 2001, SM ya 2004, SN ya 2010, SP ya 2020, na SQ imekuja 2025. Kwa petroli, herufi ya mbele zaidi hubeba kazi za zile za nyuma yake. Gari lililoandikiwa SL linakubali SP bila shida. Nasema hivi kwa sababu kuna fundi anazunguka mjini akisema oili mpya "ni kali mno" kwa gari la zamani. Hapana. Tatizo letu ni kinyume chake. Kuna madumu mazuri ya rangi, yameandikwa mbele "kwa injini zote za petroli", ukigeuza nyuma unakuta SF au SG. SF, kwa maneno ya API wenyewe, ni kwa injini za mwaka 1988 kurudi nyuma. SG, za 1993 kurudi nyuma. Unaiweka kwenye gari la 2005. Lebo haijakudanganya, ni wewe hukugeuza dumu. Geuza dumu! Ukikuta 15W-40 iliyoandikwa CI-4/SL, hiyo C ni upande wa dizeli na S ni upande wetu. Inafaa kwa gari lenye kitabu kinachoruhusu 15W-40.

Alama hiyo inaweza kuchapwa na yeyote mwenye printa, kwa hiyo kama una simu, API wana orodha mtandaoni ya oili zilizopewa leseni. Tafuta jina la oili yako humo. Angalia na alama ya TBS, Shirika la Viwango letu. Na ukimaliza kumimina, toboa dumu au likate. Dumu zima lenye kifuniko chake lina mteja wake, na huyo mteja atalijaza kitu.

Kuhusu sintetiki kutoboa sili: sintetiki za mwanzo kabisa, miaka ya 1970, zilikuwa na shida hiyo. Za leo hazina. Kinachotokea ni kwamba sili iliyokwisha pasuka ilikuwa imezibwa na tope. Oili yenye sabuni ikaliondoa tope, uvujaji ukaonekana. Kama injini yako ina tope, ukifungua kifuniko unaona weusi kama lami umeganda ndani, usikubali kusafishwa kwa dizeli au mafuta ya taa. Tope linaachia mabonge kwa pamoja na kwenda kukaa kwenye wavu wa pampu. Tia oili ya kawaida yenye herufi nzuri, endesha kilometa 1,500, mwaga pamoja na filta. Rudia mara moja au mbili. Itatoka taratibu.

Kuna kosa moja la gereji ambalo linaniudhi kuliko yote. Injini inachukua lita nne na kidogo. Mteja kaleta dumu la lita tano. Fundi, kwa moyo mzuri kabisa, anamimina dumu zima ili "mali ya mteja isibaki". Oili ikizidi, krenki inaifikia na kuipiga kama anayepiga yai. Inatoa povu, na povu lina hewa, na hewa hailainishi chochote. Presha inayumba, sili zinasukumwa, nyingine inapanda kwenye hewa ya kuvuta na kuungua, kisha unaambiwa injini inakula oili. Simama pale. Sema, "Fundi, naomba tupime kwanza." Kinachobaki weka kwenye buti, utakihitaji kuongezea.

Kubadilisha: kwa vumbi la huku na safari zetu, kilometa 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Sintetiki nzuri kwenye injini nzima inaweza kwenda zaidi, lakini kwa gari ambalo hujui lilitunzwaje miaka 15 ya kwanza, mimi sichezi kamari. Na msihukumu kwa rangi. Oili kuwa nyeusi ni dalili kwamba inabeba masizi, ndiyo kazi iliyonunuliwa kufanya. Wale mliofunga mfumo wa gesi Dar, oili yenu itabaki na rangi ya asali muda mrefu kwa sababu gesi haitoi masizi mengi, huku viambato vyake vimeshachoka kwa joto. Fuateni kilometa.

Mama mmoja amenipitishia kikaratasi, anauliza: gari lake linadondosha oili usiku, matone kadhaa, je, aweke nzito? Mama, weka boksi la karatasi chini ya injini usiku mmoja, asubuhi uone tone liko wapi. Likiwa mbele upande wa filta, pengine filta haikukazwa au mpira wake wa zamani umebaki ukabanwa pamoja na mpya. Likiwa chini ya nati ya sampu, ni washa yake, ile inayotakiwa kubadilishwa kila unapomwaga oili na ambayo karibu kila gereji inairudisha ile ile. Vyote hivyo ni vya bei ya soda chache. Oili nzito ingekuficha hayo kwa mwezi mmoja.

Na oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Wapeni wanaopaka mbao za uzio dhidi ya mchwa, sawa, ingawa isiwe karibu na kisima wala bustani. Bora zaidi mrudishie gereji inayokusanya mapipa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi twende nje kwa vitendo, nimekuja na vitambaa vya kutosha. Tutaanza na X-Trail ya kijivu iliyoko chini ya mwarobaini, mwenyewe amekubali. Wengine fungueni boneti zenu lakini msiwashe injini. Magari yamepumzika tangu asubuhi, kijiti kitasema kweli. Na mwenye stika ya Kijapani mlangoni, asiing'oe, aniite.